Nairobi hadi Kisumu: ni kilomita ngapi hasa, na ndege inamwacha mtu wa basi kwa saa ngapi?

#1 Jirani_wa_Ahero (mwanzilishi wa uzi)
Wadau, habari zenu. Naleta ubishi wa nyumbani mnisaidie kuukata. Mimi naishi Kinoo, dada yangu Syokimau, na mama yuko dala, yaani nyumbani kwetu, Ahero. Mama amepangiwa kliniki Kisumu kila baada ya miezi miwili, na hatutaki aende peke yake. Dada anashikilia kwamba anayekwenda apande ndege, dakika 45 ashafika, basi ni kujitesa bure. Mimi nasema hizo dakika 45 ni za angani tu, na mama haishi angani.

Kilichonichanganya zaidi ni umbali wenyewe. Simu inaniambia 265. Mahali pengine nikasoma 280. Kondakta aliniambia 350, na jirani yangu anaapa ni 400. Sasa tushike lipi? Na tukihesabu kuanzia mlango wangu hadi mlango wa mama, ndege inaniokolea saa ngapi?

#2 MwanaKondele
Dakika 45. Uzi ufungwe.

#3 Dereva_Mstaafu
Usifungwe. Nimeendesha basi barabara hiyo miaka 19, nikastaafu na leseni yangu safi. Kwa lami, Nairobi hadi Kisumu kupitia Nakuru na Kericho ni kama kilomita 350. Nairobi hadi Nakuru ni 160. Nakuru hadi Kericho kama 110. Zilizobaki, kama 80, ni za kushuka kutoka Kericho kupitia Kapsoit, Awasi na Ahero. Huyo jirani wa 400 labda aliwahi kupotelea Eldoret.

Muda ni habari nyingine. Basi linaloendeshwa kwa akili hutumia saa 7, pamoja na mapumziko ya Nakuru. Saa 6 na nusu ukibahatika. Mtu akikwambia basi lake lilitumia saa 5, usimsifu dereva huyo, mwulize abiria walisali mara ngapi.

#4 Ramani_na_Dira
Jirani, namba zako tatu za kwanza zote ni sahihi, ila kila moja inapima kitu chake.

265 ni mstari ulionyooka kutoka katikati ya mji wa Nairobi hadi katikati ya Kisumu. 280 ni mstari huohuo, lakini unaanzia uwanja wa Jomo Kenyatta hadi uwanja wa Kisumu. JKIA iko kusini mashariki mwa mji, yaani upande ambao Kisumu haiko. Na uwanja wa Kisumu umevuka mji, uko njia ya Busia. Kwa hiyo viwanja viwili vinakuongezea kilomita kama 15 kabla hujanunua hata maji. Watu wa ndege wenyewe wangekwambia 151, maana wanahesabu kwa maili za baharini, na maili moja ya baharini ni kilomita 1.852.

350 ndiyo lami. Tofauti ya 265 na 350 inatoka wapi? Wengi hudhani ni kwa sababu barabara inazunguka Nakuru. Pima: Nairobi hadi Nakuru kwa mstari ni kama 137, Nakuru hadi Kisumu kama 149. Jumla 286. Nakuru inakuongezea 20 na kitu tu. Zilizobaki, zaidi ya 60, ni kona, mabonde na miteremko. Bonde la Ufa halivukwi kwa mstari.

#5 Shiru_wa_Naka
Asante Ramani, maana Nakuru tumezoea kulaumiwa kwa kila kitu, hata umbali.

Lakini mnaojadili ndege mtukumbuke na sisi. Nakuru hatuna uwanja wa ndege za abiria. Mimi nikitaka kuruka kwenda Kisumu, ningerudi nyuma kilomita 160 hadi Nairobi ili niruke juu ya kichwa cha nyumba yangu. Kisumu kwangu ni kilomita 190, saa 3 na nusu kwa matatu, nimemaliza. Kwa mtu wa Nakuru swali la ndege au barabara halipo kabisa.

#6 Probox_ya_Kisii
#3 mzee, kwa heshima. Mwezi uliopita niliondoka Westlands saa 10 alfajiri na gari langu dogo, saa 3 na robo asubuhi nilikuwa Nyamasaria nakunywa chai. Saa 5 na robo jumla. Sikukimbia.

#7 Dereva_Mstaafu
Probox, sikukatalii. Saa 10 alfajiri barabara ni yako. Tena gari dogo si basi. Gari la abiria limewekewa kidhibiti mwendo, halipiti 80 kwa saa. Gawa 350 kwa 80, unapata saa 4 na dakika 22, na hiyo ni kama hakuna tuta hata moja, hakuna trela linalopanda mbele yako, hakuna mizani ya Gilgil, hakuna abiria anayeomba kushuka Salgaa. Katika miaka yangu yote sikuwahi kuona siku ya namna hiyo.

Ila swali moja: ulisimama wapi kupumzika?

#8 Probox_ya_Kisii
Sikusimama.

#9 Dereva_Mstaafu
Basi hapo ndipo tunapotofautiana. Saa 5 za usukani bila kushuka, na alfajiri ndio usingizi unapokuja kukutafuta. Usirudie, kijana wangu.

#10 Abiria_wa_Dirishani
Narudi kwenye dakika 45 za MwanaKondele. Nimesafiri njia hiyo kikazi mara nyingi na nina tabia ya kuangalia saa. Magurudumu yakiachana na ardhi Nairobi hadi yaguse Kisumu ni dakika 35 hadi 40. Muda ulioandikwa kwenye tiketi huwa 50 au 55, kwa sababu wanahesabu tangu ndege inapoondoka ilipoegeshwa hadi isimame tena. Wakati mwingine mnatembea uwanjani JKIA muda mrefu mkisubiri zamu ya kuruka.

Watu huuliza pia kama ndege ya pangaboi ni ya polepole kuliko jeti. Jambojet wanatumia Dash 8-400 ya pangaboi, na Kenya Airways wana Embraer za jeti. Jeti ina kasi zaidi, lakini kwa kilomita 280 haipati nafasi ya kuionyesha. Ikimaliza kupanda inaanza kushuka. Tofauti utakayoiona ni dakika chache, si zaidi.

#11 MwanaKondele
Kwa hiyo nilisema kweli.

#12 Abiria_wa_Dirishani
Ulisema kweli ya rubani. Jirani ameuliza ya abiria. Hesabu hivi: kuwa uwanjani saa moja na nusu kabla, ukaguzi mara mbili, foleni ya kupanda, kisha ukifika usubiri begi kama umelituma chini. Mimi nikitoka nyumbani South B hadi niwe katikati ya Kisumu hujaza saa 4. Mara moja nilifanya saa 3 na dakika 10, nikiwa na begi la mgongoni tu na ndege ya kwanza ya asubuhi. Siku hiyo sijaisahau.

#13 NyarNyakach
Jirani, nitakupa pande mbili maana zote zimenipata.

Upande wa kwanza. Aprili fulani nilikuwa na tiketi ya jioni. Mvua ikanyesha, ndege ikacheleweshwa, tukaambiwa saa moja, ikawa mbili, ikawa tatu. Sitataja kampuni. Saa 5 usiku ndio tulitua Kisumu, na niliondoka nyumbani saa 8 mchana. Safari ya saa 9 nzima! Dada yangu aliyepanda basi siku hiyohiyo alikuwa ashalala.

Upande wa pili. Baba alipougua ghafla nilipigiwa simu saa 11 alfajiri. Nilipata kiti ndege ya saa 2, na saa 4 na nusu nilikuwa nimeshika mkono wake Kisumu. Alinitambua, akaniita jina la utotoni. Alituacha saa 7 mchana. Ningepanda basi ningekuwa nafika Kericho. Siku hiyo singeulizana na mtu habari za nauli wala kilomita.

#14 Jirani_wa_Ahero
Pole sana dada. Asante kwa kutueleza.

Wengine, nashukuru. Nimeanza kuona kwamba hata dada yangu ana hoja. Ila hakuna aliyegusa hili: mama yuko Ahero, si Kisumu.

#15 Ramani_na_Dira
Nilikuwa nakuja hapo. Jirani, wewe ndiye mtu ambaye ndege inamfaa kidogo kuliko wote humu, na sababu ni pale unapoanzia na pale unapoishia.

Kinoo iko Waiyaki Way, tayari uko njia ya Nakuru. Kwenda JKIA unageuka nyuma, unakata Nairobi nzima. Kweli Expressway ya kilomita 27 kutoka Westlands hadi Mlolongo imesaidia tangu ifunguliwe 2022, lakini unailipia, na kufika mwanzo wake asubuhi ni kazi. Kisha ukitua Kisumu, uwanja uko upande wa Busia. Ahero iko upande wa Kericho, kilomita 24 kutoka mjini. Unakata mji tena, kama kilomita 30 za kurudi ulikotoka! Basi lenyewe linapita Ahero kabla ya Kisumu. Unashuka, unapanda bodaboda, uko kwa mama.

Dada yako yeye yuko Syokimau, JKIA ni jirani yake. Akienda kwa basi ndiye anayekata Nairobi. Kwa hiyo nyote wawili mnasema kweli, kila mtu akiwa mlangoni kwake.

#16 Omusakhulu_wa_Luanda
Ramani umenena. Mimi wangu wako Luanda, mbele ya Maseno. Kwetu ndege inapendeza, maana uwanja uko njia yetu. Ukitoka pale unapita Kisian, unapandisha, unavuka ikweta pale Maseno, umefika. Basi la kutoka Nairobi likiingia stendi ya Kisumu huwa bado nina saa nzima ya kubadilisha gari, na makondakta wakinivuta mkono kulia na kushoto.

#17 Mzee_wa_Reli
Vijana mnapima kila kitu isipokuwa njia iliyouzaa mji wenyewe. Reli ilifika ziwani tarehe 20 Desemba 1901, mahali wakapaita Port Florence. Kabla ya hapo, kutoka pwani hadi ziwani msafara ulikuwa ukihesabu miezi. Reli ikaifanya siku.

Na miaka ya 1930 Kisumu ilikuwa kituo cha ndege kabla ya miji mingi inayojisifu leo. Imperial Airways walikuwa wakitua na ndege zao za majini hapohapo kwenye ghuba, zikielekea kusini mwa Afrika. Marehemu babu yangu alikuwa akisimulia jinsi watu walivyokimbia ufuoni kuliangalia dude likishuka majini.

Treni ya abiria ilirudi Desemba 2021 baada ya reli ya Nakuru hadi Kisumu kukarabatiwa. Niliipanda. Tuliondoka Nairobi Ijumaa jioni, Jumamosi asubuhi tukaamkia Kisumu. Safari ya saa 12 hivi. Kutoka Nakuru pekee reli ni kilomita 217, wakati barabara ni 190, kwa sababu gari moshi haliwezi kupanda Mau wima kama matatu. Linazunguka, linatafuta mteremko laini.

#18 Shiru_wa_Naka
Mzee, huyo Florence ni nani? Shuleni tuliambiwa ni mke wa mkubwa wa reli.

#19 Mzee_wa_Reli
Florence Preston, mke wa Ronald Preston, mhandisi aliyesimamia utandikaji wa reli. Yeye ndiye aliyepigilia msumari wa mwisho pale ziwani.

#20 Ramani_na_Dira
Mzee, kuna wanaosema ni Florence mwingine, mke wa George Whitehouse aliyekuwa mhandisi mkuu wa reli yote. Wote wawili waliitwa Florence.

#21 Mzee_wa_Reli
Wanaosema hivyo nimewasikia tangu nikiwa kijana. Mke wa Preston aliishi kwenye mahema na mumewe kando ya reli. Aliyeshika nyundo ni yeye. Sibanduki.

#22 MwanaKondele
Kisumu ni Kisumo, mahali pa kubadilishana chakula. Hao kina Florence wametukuta.

#23 Mzee_wa_Reli
Hapo omera nakubaliana nawe mia kwa mia.

#24 Kahawa_Tungu
Turudi barabarani. Kuna jambo hunisumbua. Kwa nini safari ya kwenda Kisumu ni ndefu kuliko ya kurudi? Nimepima mara nyingi: kwenda saa 7, kurudi saa 6 na kidogo. Barabara ni ileile.

#25 Dereva_Mstaafu
Si akili yako inakudanganya, ni kweli. Malori yanayotoka Mombasa kwenda Uganda yamebeba shehena. Yanapanda kutoka Nakuru hadi Mau Summit kwa mwendo wa mtu anayetembea haraka, na wewe uko nyuma yake kwenye mstari mmoja usioruhusu kupita. Yakirudi mengi ni matupu, au yana mzigo mwepesi. Anayekwenda magharibi anayakuta yakiwa mazito.

#26 Probox_ya_Kisii
Mimi naona ni saa ya kuondoka. Wengi huondoka Nairobi asubuhi pamoja na watu wote, wanakwama Rironi na Kinungi. Kurudi wanaondoka Kisumu alfajiri, barabara tupu hadi Nakuru.

#27 Shiru_wa_Naka
Ni chakula! Kwenda mnasimama Kikopey kula nyama choma, halafu Nakuru tena chai. Kurudi mnaharakisha kazini. Mimi nawaona kila wiki.

#28 Kahawa_Tungu
Sijawahi kusimama Kikopey hata siku moja, Shiru. Na mimi huondoka Nairobi saa 3 usiku. Kwa hiyo Probox naye hajanipata. Ya mzee inakaribia, ingawa usiku malori huwa machache kidogo.

#29 Dereva_Mstaafu
Machache? Wewe ulikuwa umelala kitini.

#30 Mwalimu_wa_Londiani
Samahani kuingilia. Ninaishi karibu na makutano ya Londiani. Tarehe 30 Juni 2023 lori liliacha njia pale likaingia katikati ya wachuuzi na magari ya abiria yaliyokuwa yameegeshwa. Watu 52 walikufa. Baadhi yao nilikuwa nikinunua kwao nyanya na viazi. Na wenye umri watakumbuka Sachang'wan, Januari 2009, lori la mafuta lilipoanguka likalipuka na watu zaidi ya 100 wakateketea.

Nawaomba mnaposema saa 5, saa 6, saa 7, mkumbuke kwamba saa hizo zinapita katika masoko ya watu. Tunavuka barabara hiyo na watoto. Dakika 20 unazookoa Londiani unaziokoa kwetu.

#31 Dereva_Mstaafu
Mwalimu, nakushukuru. Salgaa hadi Sachang'wan niliendesha kabla ya kuwekwa kizuizi cha katikati na baada yake. Kabla yake nilizika wenzangu watatu wa usukani. Mteremko ule ni mrefu, na lori likiwekwa gia huru ili kuokoa mafuta breki huchemka mpaka zikakataa. Si mizimu kama watu walivyokuwa wakisema. Ni gia huru na breki.

#32 Omusakhulu_wa_Luanda
Mizimu haikusingiziwa bure lakini mzee. Wenyeji wana yao.

#33 Dereva_Mstaafu
Wawe nayo. Mimi nilishika breki kwa mguu wangu.

#34 Injinia_Mstahimilivu
Naona hakuna aliyetaja barabara mpya. Ujenzi wa Rironi hadi Mau Summit ulizinduliwa Novemba 2025. Ni kilomita 175 hivi za njia pana, pande mbili zilizotenganishwa, na itakuwa ya kulipia. Ikimalizika, hesabu zote za uzi huu zitabadilika. Trela likipanda Mau utalipita bila kuomba dua. Naona saa nzima inaokolewa, pengine na zaidi.

#35 Probox_ya_Kisii
Na tukilipia, nauli itapanda. Halafu inaishia Mau Summit! Kutoka hapo hadi Kisumu kuna zaidi ya kilomita 120 za barabara ya zamani. Msongamano utahama tu, utatoka Gilgil uje Londiani na Kericho.

#36 Mwalimu_wa_Londiani
Ndilo ninaloliogopa. Watu watashuka kwenye barabara pana na mwendo wa barabara pana, waingie kwetu.

#37 Injinia_Mstahimilivu
Hofu yenu naielewa, lakini barabara hiyo ndiyo iliyobeba malori yote ya Uganda, Rwanda na Kongo. Malori ya Malaba yanaendelea na njia ya Eldoret, hayaji kwenu wote. Upande wa Kericho utapata gari chache nzito kuliko mnavyodhani.

#38 Mwalimu_wa_Londiani
Njoo ukae nami siku moja kibarazani, uyahesabu.

#39 Kahawa_Tungu
Kuna pia njia ya Narok. Mai Mahiu, Narok, Bomet, halafu unakwenda Kericho au Sotik na Kisii. Desemba nikiona Naivasha imeshikana huwa nakunja huko. Kilomita ni zaidi kidogo, lakini gari halisimami.

#40 Probox_ya_Kisii
Kwa mtu wa Kisii hiyo ndiyo njia yenyewe, si njia ya kukimbilia. Kwa mtu wa Ahero ni mzunguko.

#41 Mwana_wa_Jamia
Hamtaamini, ila umbali huu sisi tunaupima kwa futari. Kila Ramadhani nikiwa Kisumu, binamu zangu wa Eastleigh wanapiga simu wakiwa wameshafuturu, na mimi bado natazama tende. Huwa ni kama dakika 8.

#42 Ramani_na_Dira
Na ndivyo ilivyo hasa. Nairobi iko kwenye longitudo 36.8, Kisumu kama 34.8. Tofauti ya digrii mbili, na kila digrii jua hutumia dakika 4. Dakika 8. Saa za ukutani ni zilezile, jua ndilo linalochelewa.

#43 MwanaKondele
Kwa hiyo mtu akifuturu Nairobi saa hiyohiyo inapopaa ndege…

#44 Mwana_wa_Jamia
Na aliye ndani ya ndege hafuturu kwa saa ya Nairobi. Jua akiwa bado analiona dirishani, anangoja. Iliwahi kunipata, nilitazama jua likining'inia juu ya ziwa wakati simu za watu wa Nairobi zimeshajaa picha za sambusa.

#45 Pesa_Mkononi
Mmesahau nauli. Mimi kiti cha ndege nimewahi kukipata kwa 4,800 nikinunua mwezi mzima kabla, na nimewahi kulipa 13,500 wiki ya Krismasi. Kiti kilekile, dakika zilezile. Basi nalo lililonichukua kwa 1,400 lilinidai 2,500 Desemba. Jirani, kliniki ina tarehe inayojulikana. Nunua mapema.

#46 Jirani_wa_Ahero
Wadau, narudi na majibu. Wiki iliyopita kliniki ya mama iliangukia Alhamisi, tukaamua mimi na dada twende wote Jumatano, yeye kwa ndege, mimi kwa basi, kila mtu aandike saa zake.

Mimi: nilitoka mlangoni Kinoo saa 11:30 alfajiri. Basi lilinichukua Uthiru saa 12:15. Nakuru 2:55 asubuhi, tukaondoka 3:15. Londiani 4:25, Kericho saa 5 kamili, mvua ikatukamata Kapsoit. Ahero saa 6:20 mchana.

Dada: alitoka Syokimau saa 12 kasorobo. Ndege ya saa 1:50, ikaondoka kwa wakati. Ilitua Kisumu saa 2:40, akatoka nje 3:05, teksi ikakata mji kupitia Nyamasaria, akafika kwa mama saa 4:05.

Alinipita kwa saa 2 na robo. Nilimkuta ameshakula, mama ananisubiri na ugali na omena.

#47 MwanaKondele
Nilisema uzi ufungwe tangu #2.

#48 Ramani_na_Dira
Ngoja. Saa 4 na dakika 20 kwa dada, saa 6 na dakika 50 kwako, tangu mlangoni. Tofauti ya safari ni saa 2 na nusu. Lakini dada alianzia Syokimau. Mpeleke Kinoo, umwongezee saa nzima ya kufika JKIA asubuhi. Inabaki saa moja na nusu. Mpeleke wewe Syokimau upande basi, unapoteza zaidi. Hamkushindana njia, mlishindana mitaa.

#49 Abiria_wa_Dirishani
Na ndege haikuchelewa. Ingekuwa siku ya NyarNyakach, tungekuwa tunahesabu kinyume.

#50 NyarNyakach
Au siku yangu ile nyingine.

#51 Dereva_Mstaafu
Jirani, saa 6 na dakika 5 kutoka Uthiru hadi Ahero, na mmesimama Nakuru dakika 20. Huyo dereva ni mzuri, umpe salamu zangu. Ila kutoka Kericho hadi Ahero dakika 80 na mvua? Alikuwa anashuka polepole. Vizuri sana.

#52 Shiru_wa_Naka
Jirani, hizo dakika 20 za Nakuru ulikula nini? Na mchele wa Ahero unauzwaje siku hizi? Miezi miwili ijayo ukirudi niletee kilo 10, nitakungoja stendi.

#53 Jirani_wa_Ahero
Nilikunywa chai na mandazi mawili, Shiru. Mchele nitakuulizia kwa mama.

Miezi miwili ijayo ni zamu ya dada peke yake. Amesema atapanda ndege. Mama naye amemwambia apande basi, ashuke Ahero wafuatane hadi Kisumu, kwa sababu teksi ya kutoka uwanjani ilimlipisha 2,500.

#54 Pesa_Mkononi
2,500? Hiyo ni nauli ya basi ya Krismasi!

#55 Kahawa_Tungu
Angeshuka uwanjani akatembea hadi barabarani, akapanda matatu hadi mjini, kisha ya Ahero. Haizidi 300.

#56 Ramani_na_Dira
Na hapo ongeza dakika 50, tuanze hesabu upya.